Kumwita mkandarasi wa samadi ya bomba: kazi inayotangulia pampu

Ng'ombe wa maziwa mia na ushei wakishinda bandani majira yote ya baridi, mashimo na matangi ya shamba hujaa samadi ya maji ipatayo mita za ujazo 1,000. Ukiibeba kwa boza la mita za ujazo 11, hizo ni safari 91, na kila safari ni tani 15 au 16 za chuma na mzigo zinazopita juu ya udongo wa Februari uliolowa bado. Ndiyo maana wakulima wengi wa Ireland ya Kaskazini humwita mkandarasi wa bomba. Pampu hubaki penye tangi, mpira hulazwa mpaka shambani, na trekta linalotembea kwenye nyasi hukokota mpira badala ya kubeba mzigo. Pampu ikitoa mita za ujazo 150 kwa saa, tangi lile lile huisha kwa muda usiofika saa saba za kusukuma.

Kasi hiyo ndiyo sifa ya mfumo huu, na ndiyo hatari yake. Mita 150 kwa saa ni lita 2,500 kwa dakika. Kiunganishi kikichomoka nyuma ya ua mahali pasipoonekana, dakika kumi zinatosha kumwaga lita 25,000 mtaroni, na mitaro ya huku haikawii kufika mtoni. Boza likipasuka unapoteza kilichomo ndani yake tu. Mpira ukipasuka, nyuma yake kuna tangi zima linalosukumwa. Kwa hiyo mengi yanayoamua kama kazi itakwenda vizuri hufanywa siku kadhaa kabla, na hufanywa na mwenye shamba. Mkandarasi analeta mashine na ujuzi wa kuiendesha. Hajui kisima chako kiko wapi, wala ni mtaro upi uliofukiwa miaka ya nyuma ukapandwa nyasi juu yake.

Shamba linalofaa na lisilofaa

Mfumo huu unapenda mashamba yaliyoshikana, yenye umbo la wazi, yasiyozidi kilomita moja au mbili kutoka kwenye tangi. Haupendi vipande vidogo vilivyotawanyika, na Ireland ya Kaskazini ina vingi kwa sababu ya desturi ya conacre, ambapo ardhi hukodishwa kwa miezi kumi na moja na mkulima mmoja huweza kuwa na vipande katika pande tatu za kijiji. Kulaza na kukunja mpira huchukua saa moja hadi mbili, na muda huo unalipiwa. Kwa kipande cha hekta mbili kilichoko peke yake, boza bado ni bora.

Kuna njia ya katikati. Maboza huleta samadi kwa barabara hadi kwenye tangi la muda, kontena kubwa la chuma linalowekwa mlangoni mwa shamba, kisha pampu inasukuma kutoka hapo. Udongo unaokolewa na magurudumu mazito, ila sasa unalipa watu wa aina mbili, na maboza yakichelewa pampu inakaa bure kwa gharama yako. Hesabu kwanza: pampu ya mita 150 kwa saa inameza boza la mita 11 kila baada ya dakika nne na nusu hivi. Maboza mawili yanayokwenda kilomita tano na kurudi hayataweza kuilisha.

Miti iliyosimama katikati ya shamba, nguzo za umeme, birika za kunyweshea na mifuniko ya mashimo ya maji machafu ni adui wa mpira unaokokotwa. Mpira wa inchi tano uliojaa una karibu kilo 12.7 za samadi kwa kila mita. Mita 200 zake ni tani mbili na nusu, na tani mbili na nusu zikivutwa kwa pembe hung'oa birika la zege kama ganda. Vinavyohamishika vihamishe mapema. Visivyohamishika viwekee vigingi vya rangi na umwonyeshe dereva kwa macho yake mwenyewe, hata kama ramani amepewa.

Hesabu ya mpira

Ukitaka kumjua mkandarasi anayeielewa kazi yake, muulize atatumia mpira wa inchi ngapi na kwa nini. Samadi inaposukumwa ndani ya mpira hupoteza nguvu kwa kusuguana na kuta, na upotevu huo hupanda kwa ukali sana kipenyo kikipungua. Chukua maji matupu yanayokwenda mita 150 kwa saa. Ndani ya mpira wa inchi sita hupoteza takriban bari 3 za shinikizo kwa kilomita. Ndani ya inchi tano ni karibu bari 8 kwa umbali uleule. Ndani ya inchi nne zinapita bari 20, shinikizo ambalo mipira mingi haikutengenezwa ilibebe. Samadi ni nzito kuliko maji, kwa hiyo inadai zaidi ya hapo.

Ndiyo sababu mpangilio wa kawaida ni mpira mkuu wa inchi sita au tano kutoka tangini hadi ukingo wa shamba, kisha mita 200 hivi za mpira mwembamba zaidi, wa inchi tano, nne na nusu au nne, ulioundwa kwa kukokotwa. Huu wa pili una ngozi ngumu ya plastiki inayostahimili kusugua ardhini. Mpira mkuu hauna ngozi hiyo na haufai kuburutwa juu ya changarawe hata mita kumi.

Ongeza mwinuko. Kila mita 10 za kupanda hula bari 1. Shamba lililo mita 40 juu ya tangi limeshakula bari 4 kabla msuguano haujahesabiwa. Shinikizo la kazi kwa kawaida huwa kati ya bari 8 na 12. Likihitajika zaidi, pampu ya pili huwekwa katikati ya njia, nayo ni trekta jingine, mafuta mengine na mara nyingi mtu mwingine. Haya yajulikane wakati wa kupatana bei, si asubuhi ya kazi.

Shamba likiwa chini kuliko tangi tatizo hugeuka. Pampu ikizimwa, samadi huendelea kutiririka yenyewe kwa sababu mpira uliojaa umekuwa mrija. Mpira ukifunguliwa chini bila kufunga valvu juu, tangi zima linaweza kukufuata. Panapokuwa na mteremko lazima kuwe na valvu ya kufunga penye pampu, na njia ya kuingiza hewa sehemu ya juu kabisa ili mtiririko ukatike. Wenye mitambo ya biogesi Kiambu au Arusha wanaosukuma masalia kwa pampu ndogo ya petroli hadi kwenye matete wanaijua sheria hii kwa kipimo kidogo. Ni maumbile yale yale ya maji.

Samadi yenyewe

Samadi nzito haiendi. Ikiwa na asilimia 8 hadi 10 ya vitu vikavu, kama ilivyo ikitoka chini ya banda bila kuongezwa maji, pampu inahangaika, mtiririko unashuka, na wewe unalipa kwa saa. Asilimia 4 hadi 6 ndiyo inayofaa. Maji ya kuoshea chumba cha kukamulia yakiingia kwenye tangi lile lile husaidia. Ukiongeza maji safi kumbuka kwamba kila mita ya maji nayo utalipia kuisukuma, kwa hiyo usimimine tu. Changanya kwanza, kisha tazama. Samadi iliyochanganywa vizuri hudondoka kwenye fimbo iliyochovywa kama uji mwepesi na haiachi mabonge.

Kinachosimamisha kazi mara nyingi zaidi ni takataka. Plastiki ya kufungia sileji (majani yaliyovundikwa ya kulisha ng'ombe), kamba za marobota, glavu ndefu za anayepandikiza ng'ombe mbegu, hereni za ng'ombe, mawe, vipande vya mbao vya kizimba. Nyuma ya trekta kuna mashine ya kusaga na kugawa yenye visu vinavyozunguka, ambayo hugawa samadi kwenye mipira midogo inayoning'inia, na ina kinasa mawe. Inakata majani marefu na kamba nyembamba. Plastiki ya sileji huzunguka visu na kuziba nusu ya matundu bila dereva kujua, hadi michirizi shambani ianze kukosekana upande mmoja. Mchanga unaotandikiwa ng'ombe ni habari nyingine: unatua chini ya tangi, haupandi hata uchanganye vipi, na ule unaopanda unasaga panga za pampu. Wakandarasi wengine hukataa tangi la mchanga, na wana haki.

Sasa gesi, na hapa naomba usome polepole. Samadi iliyokaa miezi hutengeneza haidrojeni salfaidi, ambayo hukaa imenaswa ndani yake mpaka uivuruge. Dakika za mwanzo za kuchanganya ndizo zinazoitoa kwa wingi. Kwa kiwango kidogo inanuka kama yai bovu. Kwa kiwango cha kuua inalemaza pua, hivyo kutosikia harufu hakumaanishi usalama. Septemba 2012, karibu na Hillsborough, mchezaji wa raga wa Ulster Nevin Spence alikufa pamoja na baba yake na kaka yake kwenye tangi la samadi la shamba lao. Kwenye ajali za aina hii aliyeanguka hufuatwa na anayemwokoa, na anayemwokoa hufuatwa na mwingine.

Mamlaka ya usalama kazini ya Ireland ya Kaskazini, HSENI, inaagiza hivi: chagua siku yenye upepo, toa ng'ombe wote bandani, fungua milango yote, weka watoto mbali, anza kuchanganya, kisha ondokeni wote kwa angalau dakika 30. Ukisimamisha kichanganyio na kukiwasha tena, hesabu ya dakika 30 inaanza upya. Jasi, iwe imetoka kwenye matandiko au kwenye vipande vya bodi za ujenzi, huongeza gesi hii sana. Ikiwa imewahi kuingia tangini, mkandarasi ana haki ya kuambiwa kabla hajafika. Mapatano yaseme wazi nani anachanganya, saa ngapi, na ni nani anayethibitisha kwamba banda ni tupu. Mara nyingi ni bora mwenye shamba achanganye siku moja kabla, kisha mkandarasi akoroge tena akiwa nje.

Tarehe, vipimo na mto

Ireland ya Kaskazini hairuhusu kumwaga samadi ya maji kuanzia usiku wa 15 Oktoba hadi usiku wa 31 Januari. Tangu 1 Februari 2021, samadi yote inayomwagwa na wakandarasi lazima iwekwe kwa kifaa kinachoiweka karibu na ardhi. Sahani ya zamani inayorusha samadi hewani ni marufuku kwa mkandarasi, hata kama kwa mkulima mdogo bado inaonekana. Kwa mfumo wa bomba hilo si mzigo, maana karibu wote hutumia mkono mpana wa mita 7.5 hadi 12 wenye mipira midogo inayodondosha michirizi juu ya nyasi, au viatu vya chuma vinavyopasua majani na kuweka samadi juu ya udongo wenyewe. Viatu havichafui majani kama mkono wa kudondosha, na hutunza naitrojeni zaidi. Mkono wa kudondosha ni mwepesi, mpana, na unakwenda vizuri kwenye ardhi ya mawe. Ukiwa na nyasi ndefu kiasi, chagua viatu kama mkandarasi anavyo.

Kiwango cha juu kwa mara moja ni mita za ujazo 50 kwa hekta, na lazima wiki tatu zipite kabla ya kurudia. Lakini Februari na Oktoba kiwango hushuka hadi mita za ujazo 30, na umbali wa kujiepusha na maji huongezeka: mita 15 kutoka mito na mitaro, mita 30 kutoka maziwa. Miezi mingine ni mita 10 kutoka mtoni na 20 kutoka ziwani. Visima na chemchemi, mita 50. Hairuhusiwi kumwaga kwenye ardhi iliyotota, iliyoganda au yenye theluji, wala mvua kubwa ikiwa imetabiriwa ndani ya saa 48. Kanuni hizi hupitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka huo wa wizara ya kilimo, DAERA, kabla ya kutoa oda.

Mtego mmoja uko kwenye vipimo. Wakandarasi wa huku husema kwa galoni. Galoni 1,000 kwa ekari ni mita 11.2 kwa hekta. Akikwambia "tutaweka elfu tatu kama kawaida", hizo ni karibu mita 34, na ikiwa ni Februari umeshavunja sheria kabla trekta halijawashwa. Elfu mbili na mia tano ni mita 28. Hapo uko ndani. Andika kwa mita za ujazo kwa hekta na mwombe aweke namba hiyohiyo kwenye kompyuta ya trekta.

Hizi si karatasi za kutuliza wakaguzi. Kiangazi cha 2023, Lough Neagh, ziwa kubwa kuliko yote katika visiwa vya Ireland na Uingereza, liligeuka kijani kwa mwani wenye sumu uliolishwa kwa sehemu kubwa na fosforasi inayotoka mashambani. Fosforasi inayofika ziwani ni ile ile ambayo nyasi zako zingeila. Mita 30 za samadi ya ng'ombe yenye asilimia 6 ya vitu vikavu zina takriban kilo 78 za naitrojeni, ambayo nyasi hupata kama theluthi yake au zaidi kidogo msimu huo, kilo 36 za fosfati na kilo 75 za potashi. Ni mbolea ya fedha halisi. Pima udongo, peleka samadi kwenye mashamba yenye njaa ya fosforasi na potashi, na yale yaliyo karibu na banda, ambayo yamekuwa yakipokea kila mwaka kwa sababu tu ni karibu, yapumzike. Faida kubwa ya bomba ni kufika mbali bila kuharibu njia, basi itumie.

Kwa sileji, acha kama wiki sita kati ya samadi na kukata. Baada ya mkato wa kwanza, mwite mara marobota au trela zitakapoondoka, kabla chipukizi halijapanda. Siku ya mawingu, baridi na isiyo na upepo mkali ndiyo nzuri kwa kumwaga, jambo linalogongana na kuchanganya kunakotaka upepo. Changanya siku ya upepo, mwaga siku ya utulivu inayofuata.

Mapatano

Wengi hutoza kwa saa, wengine kwa mita ya ujazo. Kwa saa inakufaa ikiwa tangi limechanganywa, njia iko wazi na samadi ni nyepesi. Kwa mita inakufaa ikiwa huna uhakika na mambo hayo, kwa kuwa hatari ya kukwama inabaki kwake. Vyovyote iwavyo, uliza: saa inaanza kuhesabiwa lini, anapoingia langoni au samadi inapotoka? Mafuta ni ya nani? Kulaza mpira kuna bei yake? Kuna nyongeza ikipita kilomita fulani? Pampu ya pili je? Kichanganyio ni chake au chako? Akikwama kwa plastiki iliyotoka kwenye tangi lako, muda huo ni wa nani? Swali hili la mwisho ndilo huzaa ugomvi mwingi, na kwa maoni yangu jibu la haki ni kwamba takataka za tangi ni za mwenye tangi, na mpira mbovu ni wa mwenye mpira.

Omba kuona bima yake, na uulize waziwazi kama inagusa uchafuzi wa maji, maana bima nyingi za kawaida huliacha nje jambo hilo. Samadi ikifika mtoni, wakala wa mazingira, NIEA, unaweza kuwafuata nyote wawili.

Ikiwa mpira utavuka barabara au ardhi ya jirani, ruhusa uiombe wewe kwa kuwa jirani anakujua wewe. Kuvuka kwa kupitisha mpira ndani ya kalvati au chini ya daraja ni bora kuliko kuulaza barabarani chini ya ngazi za kupitishia magari. Lakini ndani ya kalvati hakuna anayeuona. Kiunganishi kisiwekwe humo. Kipande kinachopita humo kiwe kizima, bila kiraka.

Muulize pia alikotoka jana. Mpira wa inchi sita hushika lita 18 kwa kila mita, na ikiwa haukupulizwa na kusafishwa, samadi ya kwanza itakayotoka shambani kwako ni ya ng'ombe wa mtu mwingine. Kifua kikuu cha ng'ombe ni balaa kubwa huku. Taka mipira, pampu na magurudumu vije vimeoshwa, na mita chache za kwanza ziende mahali ambapo ng'ombe hawatachunga karibuni.

Siku yenyewe

Tembea njia yote ya mpira pamoja na dereva kabla haujalazwa. Waya wenye miiba, kona ya lango, jiwe lenye makali, kila kitu kinachogusa mpira kitausugua kwa saa saba huku ukitetemeka kwa mapigo ya pampu. Kwenye kona, mpira uzunguke kwa upinde mpana. Ukijikunja, shinikizo hupanda upande wa pampu na mpira hupasuka penye kunja au kwenye kiunganishi kilicho karibu. Usiulaze umejisokota. Tazama juu pia: mkono wa mita 12 unapokunjuliwa chini ya nyaya za umeme hufika mbali kuliko watu wanavyodhani.

Kuanza ni polepole. Mpira mtupu una hewa, na hewa ikisukumwa kwa kasi huufanya uruke kama nyoka. Pampu izungushwe taratibu hadi samadi itokee upande wa pili, ndipo iongezwe. Angalia kila kiunganishi wakati huo shinikizo likiwa bado dogo. Kinachodondoka kwa bari 2 kitafunguka kwa bari 10.

Kasi ya trekta ni hesabu rahisi ambayo hata mwenye shamba anaweza kuikagua kwa simu yake. Zidisha mtiririko wa saa kwa 10, kisha gawa kwa kiwango cha hekta ukikizidisha na upana wa mkono. Mtiririko wa 150, kiwango cha 30, upana wa mita 12: 1,500 gawa kwa 360, sawa na kilomita 4.2 kwa saa. Mtiririko ukishuka hadi 110 kwa sababu samadi imekuwa nzito, kasi ishuke hadi 3.1, la sivyo nyasi zinapata pungufu. Na kinyume chake. Mita ya mtiririko ya sumaku iliyoko kwenye trekta ndiyo jicho la kazi yote. Mkandarasi asiye nayo anakisia.

Mkandarasi mzuri ana mita mbili, moja penye pampu na nyingine penye trekta, na kidhibiti cha redio kinachomwezesha dereva kuzima pampu akiwa shambani. Namba mbili zikitofautiana, samadi inapotelea njiani. Shinikizo likianguka ghafla, mpira umepasuka. Likipanda ghafla, umejikunja au kisagio kimeziba. Pampu nzuri hujizima yenyewe kwa mojawapo. Pamoja na hayo, mtu mmoja atembee kando ya mpira mara kwa mara, na mtu huyo anaweza kuwa wewe. Awe na simu na awe anajua kitufe cha kuzimia. Karibu na kila kivuko cha mtaro weka marobota mawili ya majani makavu na koleo, ili mtaro uzibwe mara moja samadi isisonge mbele.

Mwisho wa kazi ndipo watu hujisahau. Tangi likiisha, samadi bado iko ndani ya mpira. Kilomita moja ya inchi sita na mita 200 za inchi tano zina jumla ya mita 20 na ushei. Kwa kiwango cha mita 30 kwa hekta, hizo zinahitaji karibu robo tatu ya hekta. Kama shamba lote limeshamwagwa, zitakwenda wapi? Zitarudishwa juu ya michirizi iliyokwishawekwa, na hapo ndipo kiwango kinavunjwa na mtiririko kuelekea mtaroni unapoanza. Kipande hicho kitengwe tangu asubuhi, mbali na maji, na dereva akijue.

Mpira husafishwa kwa tufe la sponji linalosukumwa na hewa ya kompresa kutoka upande wa pampu hadi kwenye trekta, ambako kuna kizuizi cha kulidaka. Samadi haibanwi ikapungua, kwa hiyo shinikizo lake hutoweka mara tu inapopata tundu. Hewa hubanwa, na huhifadhi nguvu yote hiyo ikisubiri. Kiunganishi kikifunguliwa kikiwa na hewa ndani, kichwa cha chuma huruka kwa kasi ya kuvunja mfupa au kuua. Hakuna anayesimama mbele ya mdomo wa mpira, hakuna anayegusa klampu kabla geji haijasoma sifuri na valvu ya kutolea hewa haijaachwa wazi. Ng'ombe na watoto wasiwe shambani.

Kabla hajaondoka, linganisha mita yake na tangi lako. Tangi la mviringo lenye kipenyo cha mita 20 lina eneo la mita za mraba 314, hivyo kila sentimita 10 za kushuka ni mita za ujazo 31. Pima kina kwa fimbo kabla na baada. Tofauti ya asilimia chache ni kawaida. Ikizidi kumi, ulizeni mita mara ya mwisho ilikaguliwa lini, mkiwa bado mmesimama pamoja hapo. Andika tarehe, shamba, kiasi na hali ya hewa siku hiyohiyo. Kisha tembea ukingo wa kila mtaro ulio chini ya mashamba yaliyomwagwa, jioni hiyo na tena asubuhi, hasa penye midomo ya mabomba ya kutolea maji ya udongoni. Maji yakitoka na rangi ya kahawia au harufu, ziba mdomo wa bomba kwa udongo mara moja na uwapigie NIEA wewe mwenyewe kabla jirani hajawapigia.